Samaki Waliotoka Kwenye Udongo Mkavu

Sitaapa. Kazi yangu ni kusuka nywele, na mtu akikaa kwenye kiti changu akaanza habari yake kwa kuapa, huwa najua habari hiyo ina kasoro. Hiki ninachokusimulia kilitokea nyumbani kwangu, mchana kweupe, watu wakipita barabarani, na jirani yangu Mama Tumaini aliona nusu yake. Ukitaka kuamini amini, ukitaka kucheka cheka. Ila nisikilize mpaka mwisho, maana kuna jambo nataka ulijue kabla mvua hazijaanza.

Naishi Singida mjini. Chumba cha mbele cha nyumba yangu ndiyo saluni, na ukutani, mkabala na vioo, kuna tenki la samaki. Ni la kioo, refu kama benchi, alinitengenezea fundi wa madirisha. Nilianza na gapi wachache kutoka Dodoma. Gapi hawataki kubembelezwa, unaweka dume na jike, ukigeuka unakuta ukoo mzima. Baadaye nikaongeza moli weusi. Wateja wanawapenda. Mtu anayesukwa tangu asubuhi mpaka alasiri akiwatazama samaki anasahau kwamba kichwa kinamuuma, na mimi napumzika kidogo kusikia umbea.

Tatizo la huku kwetu ni maji. Visima vingi vina chumvi, sabuni haitoi povu, nywele zikioshwa zinakakamaa kama katani, na samaki wadogo hawayapendi. Kwa hiyo mimi hukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati na kuyahifadhi kwenye simtanki, yanisukume kiangazi chote. Ya kuoshea vichwa ni hayo, na ya samaki ni hayo hayo.

Mama yangu alikuwa akiishi na mimi. Alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukalala na maneno yakakatika. Daktari alisema huenda yakarudi. Hayakurudi. Kila asubuhi nilimwogesha, nikamvalisha, nikamkalisha kwenye kiti chake cha mbao mbele ya tenki, na hapo ndipo aliposhinda. Nilikuwa nauliza mwenyewe na kujibu mwenyewe. Unajua inavyochosha kuongea na mama yako kama unaongea na ukuta? Kuna siku niliingia stoo nikalia kwa hasira, wala si kwa huruma.

Mama alizaliwa kijijini, upande wa Itigi, ndani kabisa ya vichaka, mbali na reli. Binamu yangu Juma bado anaishi huko, anarina asali na kuileta mjini. Siku moja alileta madumu yake, akasimama mbele ya tenki, akacheka.

"Hawa nao unawaita samaki wa mapambo? Njoo masika kwetu, dimbwi likijaa. Kuna visamaki vya bluu vina michirizi myekundu, ukiviona hawa wako utawamwaga."

"Vinatoka mto gani?"

"Mto uko wapi kule? Vinakuja na mvua. Dimbwi likikauka vinakufa vyote, mwakani unavikuta tena. Wazee wanasema vinadondoka na matone."

Mimi jambo hilo nilishalisikia kwenye kundi letu la wafugaji wa samaki, lile la kwenye simu. Samaki hao hutaga kwenye tope. Dimbwi likikauka, mayai yanabaki hai ndani ya udongo, yanalala, yanasubiri. Mtu akiuchukua udongo huo mkavu akaumwagia maji ya mvua, wanaanguliwa palepale. Nikamwambia Juma aniletee udongo. Aliniona nimechanganyikiwa, lakini safari iliyofuata alishusha kiroba cha udongo mweusi, umepasuka vipande vipande kama vigae.

"Wa lile dimbwi la nyuma ya kwa babu," akasema.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Aligeuza shingo akakitazama kile kiroba, na hakuacha kukitazama hata Juma alipoaga. Nilifurahi. Nikadhani anakumbuka harufu ya kwao.

Ilikuwa Julai, kiangazi, ule upepo wa Singida unaoingiza vumbi mpaka ndani ya sufuria. Niliuvunjavunja udongo ndani ya beseni, nikachota maji ya simtanki, nikaumwagia. Harufu ya mvua ya kwanza ikajaa saluni nzima. Mteja aliyekuwa chini ya drayer alitoa kichwa akauliza kama nje kumenyesha. Kesho yake nikainama na tochi, nikawaona, vitu vidogo kuliko kope za mtoto, vinarukaruka. Kweli nilipiga vigelegele peke yangu. Nikawalisha kiini cha yai la kuchemsha kilichokamuliwa kwenye kitambaa, kisha viluwiluwi vya mbu, na walikua kwa haraka ambayo sijawahi kuiona. Samaki hao ndivyo walivyo, dimbwi haliwasubiri. Wanazaliwa, wanakuwa wakubwa, wanazeeka na kufa kabla kiangazi hakijawakuta. Gapi na moli niliwahamishia kwenye ndoo, tenki nikawaachia wageni.

Walikuwa wameanza tu kuonekana kama samaki siku yule binti alipokuja.

Ilikuwa alasiri, sina mteja. Nikasikia mtu amesimama mlangoni. Mtoto wa kike, wa umri wa kama darasa la nne, amejifunga kaniki iliyopauka, pekupeku, miguu imekauka tope mpaka kwenye ugoko.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Nataka kusukwa."

"Mama yako yuko wapi?"

"Huko."

Nilijua ni wa wale wanaofyatua matofali bondeni, maana tope la Julai mtu atalipata wapi kwingine? Nikamwonea huruma. Nikamwambia akae. Nikaanza kumchana, na hapo hapo nikasikia sauti nyuma yangu, ya kukwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Shikamoo dada."

Niligeuka. Alikuwa mama.

Sasa kama hukulelewa huku kwetu, huenda usielewe kwa nini kitana kilinidondoka. Salamu kwetu si mchezo. Mtoto akimpita mkubwa bila shikamoo, kesi yake inafika nyumbani kabla yeye hajafika. Mtu mzima hampi mtoto shikamoo hata kwa utani, ni kama kujivua nguo. Na hilo lilikuwa neno la kwanza la mama yangu tangu augue. Yule mtoto hakushangaa, wala hakugeuka. Alijibu huku akitazama kioo.

"Marahaba, Kadogo."

Nilimfokea. Nilimwuliza nani amemfundisha kuitikia watu wazima namna hiyo, na Kadogo ni nani. Nikapiga magoti kwa mama, nikamshika mashavu, nikamwambia mama sema tena, sema chochote. Akasema neno moja tu.

"Msuke."

Nikamsuka. Nilimwuliza anataka mtindo gani, akasema twende kilioni, ile mistari ya kulala nyuma ambayo hata mtoto wa shule anasukwa. Nywele zake zilikuwa na unyevu kwenye mizizi. Nilizipuliza na drayer, nikashika tena, unyevu uko palepale. Nyuma ya sikio la kushoto alikuwa na kovu, limepinda kama alama ya ukucha. Nilipomaliza alisimama, akamgusa mama begani, akatoka. Aliingia na miguu mikavu inayopukutisha vumbi. Alipotoka, kila alipokanyaga kwenye sakafu aliacha unyayo wa maji.

Nilimfuata mpaka nje. Barabara yetu imenyooka, unaona mtu mpaka kwenye kona ya kanisa. Hapakuwa na mtoto. Mama Tumaini, anayekaanga vitumbua ng'ambo ya barabara, alikuwa amesimama ameshika kijiti chake cha kugeuzia.

"Yule mtoto kaenda wapi?" nikamwuliza.

Akanionyesha chini kwa kile kijiti. Nyayo za maji zilivuka baraza, zikaingia barabarani, na katikati ya barabara zikaisha. Vumbi lilikuwa linazinywa huku tunazitazama.

Jioni ile mama alikula. Kesho yake akaomba chai. Maneno yalirudi machache machache, na mimi kila neno nililipokea kama zawadi. Nilipomwuliza Kadogo ni nani, alisema, "Mimi." Nilipomwuliza yule mtoto ni nani, aliwatazama samaki muda mrefu, akasema, "Zaina."

Nikampigia Juma. Juma akaenda kumwuliza mama yake, mke wa mjomba wangu, mtu mzima kabisa. Aliponipigia tena sauti yake ilikuwa imeshuka. Zaina alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Wakiwa wadogo walitumwa maji dimbwini, wawili, wameshikana mikono. Zaina aliteleza. Kadogo alirudi nyumbani peke yake. Wanaume waliingia majini wasimpate, wakasema tungoje kiangazi. Kiangazi dimbwi likakauka, wakatembea juu ya udongo wake kwa mistari kama watu wanaopalilia, na hawakupata hata mfupa.

"Tupa huo udongo," Juma akaniambia.

Najua unachofikiri. Unafikiri wewe ungewamwaga samaki siku hiyo hiyo. Labda. Lakini mama yako angekuwa anaongea kwa mara ya kwanza tangu kiharusi, anakuuliza umelala vipi, anakuambia uji umezidi sukari, ungewamwaga? Mimi sikuweza. Niliogopa, sikatai, lakini nilitaka mama aendelee kuongea kuliko nilivyoogopa.

Septemba samaki wakapata rangi zao. Juma hakusema uongo. Madume walikuwa wa bluu iliyokolea, wana michirizi myekundu, wanafukuzana kutwa, na majike matumbo yamejaa. Niliwawekea chini kopo pana lenye mchanga na nyuzi za maganda ya nazi, kama tunavyofanya wafugaji, ili watage humo. Wateja walikuwa wanakuja hata wasio na nywele za kusuka.

Akaja mwanamke. Wa rika langu, mwili umejaa, kaniki ile ile. Safari hii hakunipa shikamoo. Alisema, "Habari za kazi," kama wanavyosalimiana watu wa rika moja, akakaa.

"Shikamoo dada," mama akasema kutoka kwenye kiti chake.

"Marahaba, Kadogo. Umekula?"

"Nimekula."

Mimi sura za watu nazisahau, kichwa nilichokisuka sikisahau. Niliweka vidole nyuma ya sikio la kushoto na kovu lilikuwepo. Lakini kilichonimaliza nguvu si kovu. Kichwani alikuwa na mistari yangu mwenyewe, twende kilioni, mkono wangu ninaujua. Nywele zilikuwa zimeota chini ya ile mistari. Nywele za mwezi mmoja au miwili zinaota kiasi cha kuanza kulegeza msuko. Hizi zilikuwa za miaka na miaka, ndefu, na misuko yangu inaning'inia huko mwishoni. Na nilikuwa nimemsuka Julai.

Kwa nini sikukimbia? Nimejiuliza mara nyingi. Mikono iliendelea kufumua, imezoea. Kila nilipofumua mstari, udongo mweusi ulidondoka sakafuni.

"Wewe ni nani?" nikamwuliza.

Alinitazama kwenye kioo. "Suka, mwanangu," akasema.

Nikasuka. Yeye na mama wakaongea Kinyaturu cha zamani, nusu yake sikielewi, kuhusu mbuzi fulani aliyekula mbegu za bibi yao na mtu aliyepigwa kwa ajili ya mbuzi huyo. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa nimesimama katikati yao na kitana mkononi, nataka kulia na nataka wasinyamaze.

Alipoondoka, Mama Tumaini alikuja mbio. Safari hii alimwona akitoka, na akaona maji yakiisha barabarani. Ni mtu wa kwaya, hana mzaha na mambo hayo. Akaniambia, "Jirani, wewe mwaga hao samaki. Mimi nitakuombea na wewe usome dua zako, lakini kwanza mwaga." Nikachukua wavu. Kweli nilichukua. Nilikuwa nimeshauingiza majini mama aliponishika mkono, kwa ule mkono wake mzima, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Usiwaguse," akasema. "Siku ile hakuteleza tu. Nilimwachia mkono. Niliogopa ataniingiza na mimi, nikamwachia. Usinifanye nimwachie tena."

Miaka yote hiyo sikujua. Marehemu baba pia nadhani hakujua. Nikautoa wavu, nikauweka juani, Mama Tumaini akaondoka akitikisa kichwa.

Kisha samaki wakaanza kuzeeka. Madume rangi ikafifia, migongo ikapinda, wakawa wanaogelea vichwa juu kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Mmoja mmoja nikawa nawakuta asubuhi wamelala chini. Nilichoogopa sasa si yule mgeni kuja. Nilijua atakuja mzee, umri wa mama, na nilihisi wakishalingana hapatabaki sababu ya yeye kurudi mara nyingine, ila ya kuondoka na mtu. Nikaanza kufunga saluni mapema. Wateja wakalalamika, nikawaambia nina malaria.

Haikusaidia. Alasiri moja ya mwisho wa Oktoba nilitoka jikoni na kikombe cha uji wa mama, mlango wa mbele nimeufunga kwa komeo, nikamkuta bibi kizee amekaa kwenye stuli kando ya kiti cha mama. Wamekaa mabega yanagusana. Migongo imepinda sawasawa.

Sikiliza kosa nililofanya, maana ni kosa ambalo mtu wa kwetu yeyote angelifanya. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumfukuza, nilikuwa nimeyarudia mwenyewe jikoni siku nyingi. Nilipomwona, mvi zile, mikono ile, goti likapinda lenyewe na ulimi ukanitangulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Basi. Mtu mzima ukishamwamkia ndani ya nyumba yako, akakuitikia mwanangu, utamtoa kwa mdomo upi? Ameshakuwa mgeni wako na mzazi wako. Nilibaki nimeinamisha kichwa kama mtoto.

"Leo utusuke wote wawili," akasema. "Tuna safari."

"Mama hasafiri. Mama mgonjwa."

"Sijamlazimisha. Muulize."

Nikamtazama mama. Alikuwa ananitazama kwa upole, uso umetulia, ule upande ulioanguka umerudi mahali pake.

"Niruhusu, mwanangu," akasema.

"Sikuruhusu," nikamwambia, machozi yananitoka. "Nimekuogesha miaka hii yote, nimekulisha, umeanza kuongea juzi tu. Sikuruhusu."

"Najua umechoka."

"Sijachoka."

Wote wawili wakanyamaza. Wazee wakinyamaza hivyo, unajua neno limeshapita. Nikamsuka Zaina, mvi zote, twende kilioni. Nikamsuka na mama. Na hapo nikapata akili yangu ya saluni. Mwanamke hasafiri na kichwa kilichosukwa nusu. Nimeona wanawake wanachelewa basi, wanachelewa harusi, kwa ajili ya mstari mmoja. Nikasuka mpaka kisogoni, nikauacha mstari wa mwisho, nikamfunika ushungi haraka.

"Huo mmoja tutamalizia kesho," nikasema. "Vidole vimekufa ganzi."

Zaina alinitazama kwenye kioo. Nadhani alitabasamu, lakini hakuwa na meno, sina hakika. Nilipoinama kuokota kitana, stuli ilikuwa tupu na komeo la mlango bado limefungwa. Chini ya stuli palikuwa na dimbwi dogo la maji meusi.

Jioni ile mama alikula ugali na mlenda akaongeza. Alinisimulia alivyokutana na baba kwenye kituo cha Itigi, baba amebeba mzinga wa nyuki usio na nyuki ili aonekane mtu wa kazi. Tulicheka sana. Nikalala naye kitanda kimoja, mkono wangu nimeuzungusha kiunoni mwake, nimemshika kabisa.

Alfajiri nikaamka nimeshika shuka.

Mama yangu alikuwa hawezi kufika hata mlangoni bila kushikwa. Nilimkuta kwenye kiti chake mbele ya tenki, amekaa wima, ameshafariki. Miguu yake ilikuwa na tope bichi mpaka kwenye ugoko, jeusi, linanuka mvua, na nje ardhi ilikuwa kavu kama unga. Nilimvua ushungi. Mstari wa mwisho ulikuwa umesukwa. Umekazwa vizuri, umelowa, na si mkono wangu. Ndani ya tenki samaki wawili wa mwisho walikuwa wanaelea.

Wanawake waliomwosha watakuambia wenyewe ukija. Walibadilisha maji mara nyingi, tope linatoka, wanadhani limekwisha, linatoka tena. Nywele walipozifumua, zote zilikuwa kavu isipokuwa za mstari ule. Tukamzika kabla ya alasiri. Uso wake ulikuwa mzuri, nakuambia, sikuwahi kumwona na uso ule.

Yangeishia hapo, ningeshukuru. Siku za matanga watu walipopungua, nilisafisha tenki. Mikono yangu tena, kama kawaida yake, ilifanya kazi bila kuniuliza. Nilitoa lile kopo la mchanga na nyuzi, nikakamua maji, nikaanika kwenye gazeti, nikafungia kwenye kopo la mafuta ya nywele. Ndivyo tunavyofanya. Mayai yanahitaji kukauka na kulala, kisha unayakagua kila baada ya muda kwa tochi. Yakiwa tayari kuanguliwa, unaona macho ndani ya yai, madoa mawili meusi yenye mduara wa dhahabu.

Mwaka karibu unaisha tangu tumzike. Mengi yameshika ukungu nikayatupa. Yamebaki mawili, yamelala pamoja, yamegusana. Juzi nimeyamulika. Macho yameshatokea. Nilipoisogeza tochi, macho ya yai moja yaliifuata.

Sasa niambie wewe nifanye nini. Nikiyaacha makavu, yatakufa, hayasubiri milele. Nitakuwa nimemwachia mkono mama yangu, mimi mwenyewe, kwa macho yangu. Nikiyamwagia maji mama atakuja, naamini atakuja, na atakuja akiwa mtoto. Atasimama pale mlangoni pekupeku, ameshikana mikono na Zaina, atanipa shikamoo na hatanijua. Nitamlea wiki chache, atakuwa rika langu, atazeeka, nitamzika tena kabla ya kiangazi. Juma anasema nirudishe udongo kwao. Mama Tumaini anasema nichome moto. Wote wawili mama zao bado wako hai.

Jana nimemwaga ule mchanga kwenye beseni, nikalitoa uani, pasipo na bati. Sikutia maji. Mvua ikinyesha, imenyesha yenyewe. Mlango wa saluni silifungi tena komeo lake.

Kwa hiyo wewe unayefuga, au unayetaka kuanza, fuga gapi, fuga moli, fuga wale wanaouzwa kwenye mifuko wanaojulikana walikotoka. Mtu akikuletea udongo wa dimbwi, hata awe ndugu yako, uliza kwanza ni nani aliyewahi kupotelea humo na kama alipatikana. Kama hakupatikana, usimwagie hata kikombe cha maji. Hutaweza kumfukuza atakayekuja, na akishaondoka utakaa kila siku mlangoni, kama nilivyokaa mimi sasa hivi, unatazama mawingu yanavyojifunga upande wa Itigi.